Gari la Kijani au la Bluu

Heidrun Kächele aliuza kampuni ya baba yake mwezi Januari, akiwa na miaka hamsini na tisa, kwa sababu magoti yake yalikuwa yamekataa ngazi. Ilikuwa kampuni ya kuezeka paa pale Metzingen, yenye mafundi kumi na mmoja, na juu ya lango lake palikuwa na kibao kilichoandikwa "Kächele na Mwanawe wa Kiume". Huyo mwana wa kiume hakuzaliwa kamwe. Baba yake alikiandikisha kibao mapema, kwa matumaini, akaja kupata binti mmoja tu. Binti alipoichukua kampuni hakukibadilisha. Kwa miaka thelathini wateja wapya walikuwa wakipiga simu kuomba kuongea na mwana wa kiume, naye akiwajibu, "Ndiye mimi, sema."

Hakuwahi kuolewa. Si kwamba alikataa. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi, ikiisha yeye hoi, na miaka ikaenda hivyo hivyo. Muda wote huo alikuwa na pikapu moja inayonuka lami, glavu zimetapakaa juu ya dashibodi. Kufika mwezi wa tano, baada ya miezi minne ya kusafisha nyumba ambayo haikuwa chafu, akaamua kununua gari. Safari hii si la kazi. Alitaka gari la juu, la kifahari, lenye mbio, kama yale ambayo wateja wake matajiri walikuwa wakiyaegesha uani. Alikuwa ameyatazama maisha yake yote kutoka juu ya nyumba zao. Aliyajua kwa paa tu.

Akaenda kwenye yadi moja ya magari huko Böblingen. Aliyempokea alikuwa muuzaji aitwaye Volkan Aksoy, mtu wa makamo, ndevu zimechongwa vizuri, asiye na haraka. Alimsikiliza, akamchukua hadi mwisho wa ukumbi, akamsimamisha katikati ya magari mawili. La kulia lilikuwa Cayenne Turbo, kijani iliyokolea kama chupa ya mvinyo. La kushoto lilikuwa BMW X5 M, la bluu. Yote yalikuwa yametumika mwaka mmoja, yote ya silinda nane.

"Bi Kächele," alisema Aksoy, "kuna watu wamegombana baa kwa ajili ya haya mawili. Nguvu ni karibu sawa, bei karibu sawa. Tofauti huwezi kuisoma kwenye karatasi."

"Nitaisoma wapi?"

"Uniwie radhi. Kwenye makalio."

Heidrun akacheka. "Yangu yamekaa juu ya vigae miaka arobaini. Hayana habari tena na dunia."

Wakakubaliana kwamba atachukua moja wikendi hii na jingine wikendi ijayo. Aksoy akaketi kujaza fomu ya bima.

"Dereva mwingine?"

"Hakuna."

"Mume? Mtoto? Hata shemeji, niandike tu, isije ikaleta shida."

"Andika mimi."

Aksoy akaandika. "Lakini tafuta mtu wa kukaa pembeni," alisema bila kuinua macho. "Nawaambia wateja wote. Anayeshika usukani hupenda kila kitu. Wa pembeni ndiye anayesema kweli."

"Nitampata mtu," alisema Heidrun.

Alipofika nyumbani alikaa jikoni na simu, akapitia majina kuanzia A. Akamkuta mwenye winchi ya kukodi, kiwanda cha vigae, daktari wa meno, mtu wa bima, kiwanda kingine cha vigae. Alikuwa na majina mia mbili na kitu, na karibu kila jina lilikuwa na paa nyuma yake. Alipofika P akasimama. Pfisterer.

Detlef Pfisterer alikuwa msimamizi wake wa mafundi kwa miaka ishirini na minane. Walikuwa wamenyeshewa pamoja na kuchomwa na jua pamoja, na mara moja, kwenye paa la kanisa, alimdaka Heidrun kwa mkanda wa suruali alipoteleza. Hawakuwahi kuitana majina ya kwanza. Heidrun alikuwa "Bosi", na mwenzake alikuwa "Bwana Pfisterer". Ndivyo baba yake alivyomfundisha, kwamba kwenye paa heshima ni sawa na kamba.

"Bosi!" Pfisterer alishangilia kwenye simu. "Cayenne? Ile ya turbo? Njoo hata sasa hivi. Njoo Jumamosi, Gerlinde anaoka keki."

Jumamosi asubuhi akashika barabara kuu ya kuelekea Ulm na gari la kijani. Njia ilipokwisha kupanda na vibao vya kikomo cha mwendo vikaisha, alikanyaga. Gari halikupiga kelele. Lilikusanya pumzi tu, likaenda, na miti ikawa ukuta mmoja. Mia mbili. Mia mbili na thelathini. Heidrun alijikuta anacheka kwa sauti, peke yake, kama mtoto kwenye bembea, akageuka kulia kusema, "Umeona?"

Kwenye kiti kulikuwa na mkoba wake.

Akapunguza mwendo. Papo hapo gari likaanza kulia, ti, ti, ti, na alama nyekundu ikawaka. Ilimchukua muda kuelewa. Kwenye kona mkoba ulikuwa umeegemea kiti kwa uzito wote, na gari lilidhani ni mtu asiyefunga mkanda. Akaushusha sakafuni, gari likanyamaza.

Pfisterer alikuwa anamngoja barabarani huko Laichingen, amevaa shati lililopigwa pasi. Alilizunguka gari mara mbili mikono ikiwa mgongoni, kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwingine.

"Bosi, hili si gari. Hili ni kanisa."

"Endesha."

"Mimi? Bima je?"

"Hadi pale kwenye shamba, Bwana Pfisterer. Usinitie woga."

Kwa dakika ishirini walikuwa kama zamani. Pfisterer aliendesha kwa vidole viwili, akagonga dashibodi kwa kucha, akasema ngozi hii ni ya ng'ombe aliyesoma, akasikiliza injini kichwa kimeinama. Alisema hakuna haja hata ya kulijaribu lile la bluu. "Lile la bluu nalijua, mpwa wangu alikuwa nalo. Linakurusharusha. Umri wetu huu, Bosi, unataka kubebwa." Heidrun alikaa pembeni, akiitikia kila neno, akitamani shamba liwe mbali zaidi.

Waliporudi, mkewe Gerlinde alikuwa ameshapanga keki ya stroberi bustanini. Alimkumbatia Heidrun, akamwekea kipande kikubwa.

"Na tulikukosa sana Jumamosi iliyopita!" alisema. "Nilimwambia Detlef, bila Bosi hata soseji hazina ladha. Lakini Jens alisema huenda unataka kupumzika..."

Alikuwa ameuona uso wa mumewe.

Jens alikuwa mwenye kampuni mpya. Na Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, kwa miaka thelathini, ilikuwa siku ya nyama choma ya mafundi, uani kwa Heidrun, yeye mwenyewe akigeuza nyama na aproni ya baba yake.

"Mimi nilidhani wamekualika," alisema Pfisterer, akiitazama sahani. "Kweli, Bosi. Nilipoona hujafika nikajua una shughuli."

"Nilikuwa na shughuli," alisema Heidrun. "Keki nzuri sana, Gerlinde."

Simu ya Pfisterer ikalia. Akainuka, akaenda kusimama karibu na ua. "Haya, Jens. Hapana, usijali. Poa, Jens, tutaonana Jumatatu." Alikuwa anacheka. Miezi mitano tu, na tayari walikuwa Jens na Detlef.

Aliporudi, Heidrun alikuwa amekwisha kuyatayarisha maneno kinywani: Niite Heidrun, basi, sasa mimi si bosi wa mtu. Yalikuwa maneno machache. Alimtazama yule mtu aliyemshika siku ile juu ya kanisa, akafungua mdomo.

"Hizi tairi," alisema, "ni inchi ngapi?"

"Ishirini na mbili, nafikiri," alijibu Pfisterer, naye akaonekana kama amepumua.

Wikendi iliyofuata hakumpigia mtu simu. Alichukua gari la bluu Ijumaa jioni, na Jumamosi baada ya chakula cha mchana akalipandisha milimani, njia za vijijini, bila mahali pa kwenda. Pfisterer alikuwa amesema kweli, lilikuwa linamrusharusha. Kila kiraka cha lami kilimfikia mgongoni. Ukikanyaga linanguruma, ukiachia linapiga chafya nyuma mara tatu nne, kama mtu anayetaka lazima asikike. Kwa nusu saa ya kwanza lilimuudhi. Baadaye alijikuta analijibu. "Haya, nimekusikia," alisema kwenye kona. "Umesema mara ngapi?"

Alipoipita Münsingen mbingu ikawa manjano, halafu kijani. Heidrun aliijua rangi hiyo kuliko alivyojua kitu chochote. Hakungoja. Katika kijiji cha nyumba thelathini hivi aliona ghala la nyasi kavu lililo wazi, akaliingiza gari ndani hadi likagusa majani, akazima. Mvua ya mawe ikaanguka. Mawe yalikuwa makubwa kama mayai ya kuku, na kelele yake haikuwa kelele ya mvua bali ya lori linalomwaga kokoto. Ilidumu dakika tisa. Alizihesabu, mazoea ya kazi.

Ilipokoma alitoka nje. Barabara nzima ilikuwa nyeupe. Nyumba iliyokuwa mkabala, ya vigae vyekundu vya zamani, upande wake mzima wa magharibi ulikuwa umetobolewa kama ungo. Mlangoni alisimama mzee mmoja, amevaa sweta na viatu vya ndani, ameshika ndoo, hajui aipeleke wapi.

"Ndoo peleka juu, chumba cha kulala," Heidrun alimwambia akivuka barabara. "Una turubai?"

"Nina la kufunikia kuni. Wewe ni wa zimamoto?"

"Mimi fundi paa. Nioneshe."

Lilikuwa dogo, lisingetosha hata robo. Heidrun alitazama mawingu yaliyobaki, akatazama saa. "Duka la vifaa Münsingen linafungwa saa ngapi?"

"Sijui, binti yangu. Mimi siendeshi tena. Macho."

"Basi panda, utanionesha njia."

Mzee aliitwa Eugen Rauscher, miaka themanini na minne, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alipanda na viatu vyake vya ndani na ndoo yake mapajani. Alifunga mkanda mwenyewe. Heidrun akaondoa gari, likanguruma, likapiga chafya zake, likawarusha kwenye kiraka cha kwanza.

"Ee!" alisema mwalimu. "Hili gari limekasirika na nani?"

Heidrun alicheka hadi akapunguza mwendo. "Sijui. Ni la kujaribu. Nachagua kati ya hili na jingine. Unalionaje?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

Mwalimu akalifikiria swali kama la mtihani. Akapapasa mlango, akajikaza kwenye kona, akasikiliza. "Kiti kinanipiga mgongo," alisema mwishowe. "Kuingia nimeinua mguu kama naingia kitandani kwa jirani. Na kelele zake kama darasa la nne siku ya mwisho ya shule. Mimi nisingelinunua. Hilo jingine likoje?"

"Linanyamaza."

"Chukua hilo."

Dukani watu walikuwa wanasukumana, lakini Heidrun alijua wenye maduka wanavyoweka vitu, akapita pembeni, akatoka na maturubai mawili, mbao nyembamba, misumari na kamba. Kwenye buti la gari kulikuwa na zulia jeupe mno. Hakufikiri. Alisukuma mbao zote hadi katikati ya viti, na alipoziingiza akasikia kwa sikio lake ncha ya mbao ikichora mstari kwenye ukingo wa buti, krrr, mrefu kama mkono.

Ngazi ilikuwepo, ya kuchumia matunda. Alipanda kidato kwa kidato, mguu huu kisha huu juu ya kidato kilekile, kama mtoto anayejifunza, na magoti yakamwambia yote aliyokwisha kuyajua. Lakini juu pale mikono haikuwa imesahau. Alivua vigae vilivyovunjika, akatandaza turubai, akapigilia mbao. Mzee alisimama chini akimpandishia misumari kwa ndoo na kamba, akipiga kelele, "Polepole, wee! Ukianguka nitaandika nini kwenye ripoti?" Kutoka juu Heidrun alikiona kijiji kizima. Juu ya kila paa watu walikuwa wawili wawili, mume na mke, ndugu na ndugu, mmoja akipokea na mmoja akipigilia, wakiitana paa kwa paa. Mtu mmoja asiyemjua alimpungia nyundo. Naye akampungia.

Walimaliza mvua ya pili ikianza kudondoka. Mwalimu Rauscher akapasha moto supu ya dengu, akakata mkate.

"Mumeo atakuwa anasubiri," alisema.

"Hakuna anayesubiri."

"Basi kula nyingine. Mimi tangu mke wangu Alma afe napika sufuria nzima, sijui kupika nusu. Siku tatu dengu, siku tatu viazi."

Heidrun alikula sahani ya pili. Mzee alianza kumsimulia kuhusu mwanafunzi aliyekula chaki, na hadithi ilikuwa haijafika mwisho gari liliposimama nje. Aliingia binti yake kutoka Ulm, koti halijafungwa vifungo, amechanganyikiwa kwa wasiwasi.

"Baba! Nimepiga simu mara kumi! Kitanda kimelowa, unakaa hapa unakula?" Akamwona Heidrun, mikono imejaa vumbi la vigae. "Ah, fundi ameshafika. Afadhali. Asante sana, tutawasiliana na ofisi yenu. Baba, vaa viatu, tunaondoka."

"Huyu bibi si—" alianza mwalimu.

"Baba, viatu."

Mambo yakaenda haraka. Begi likafungwa, dawa zikatafutwa, sufuria ikaachwa juu ya jiko. Akiwa tayari kwenye gari la bintiye, mwalimu alishusha kioo, akanyoosha kidole kuelekea ghala. "Linalonyamaza!" alipaza sauti. "Usisahau!" Binti akawasha gari, wakaondoka. Heidrun alirudi ndani, akazima jiko lililosahauliwa, akaosha sahani mbili, akavuta mlango hadi akasikia umejifunga.

Jumatatu alilirudisha gari Böblingen. Aksoy alifungua buti, akalitazama zulia, ambalo sasa lilikuwa na rangi ya udongo, halafu akautazama ule mstari.

"Bi Kächele," alisema polepole, "ulikuwa unahama nyumba?"

"Nilikuwa kazini. Nitalipia."

"Bima ipo, tusianze na hayo. Nieleze kwanza, huyo mtu wa pembeni ulimpata?"

"Nilipata wawili. Mmoja anajua magari, mmoja hajui hata kidogo. Wote wamesema nichukue la kijani."

"Basi kazi yangu imekuwa rahisi." Aksoy alianza kwenda kwenye meza.

"Nachukua la bluu."

Akageuka. Alikuwa muuzaji mzoefu, na muuzaji mzoefu hamuulizi mteja sababu akishasema nachukua. Lakini aliuliza.

Heidrun aligeukia dirisha. Nje mtu alikuwa anaosha magari kwa mpira wa maji.

"La kijani ni zuri kushinda," alisema. "Sina ubishi. Unakaa ndani, husikii kitu, kama vile hupo." Akapitisha kidole kwenye mstari wa buti. "Nyumbani kwangu kimya kipo cha kutosha, Bwana Aksoy. Sitaki kukinunua kingine."

Aksoy alimvutia kiti, akamletea kahawa, na alipofika kwenye fomu hakumuuliza habari za dereva wa pili, aliandika tu na kumpa asaini.

Mwezi wa saba ulikuwa wa joto. Heidrun aliliendesha gari karibu kila siku; alikwenda hadi Ziwa la Konstanz, akala samaki, akarudi. Alikwenda Ulm. Mara moja alipita kwenye kile kijiji, akaona paa limeshawekwa vigae vipya, kazi safi, na madirisha yamefungwa. Jirani alimwambia mwalimu angali kwa bintiye, pengine atakaa moja kwa moja. Heidrun alisema amsalimie, halafu akakumbuka kwamba hakuwahi kumtajia mzee jina lake.

Siku moja asubuhi, akiwa anamenya viazi, simu ikalia. Alikuwa msichana mwenye sauti changamfu, anapiga kwa niaba ya yadi ya Böblingen, ana maswali matano mafupi tu kuhusu gari, kama Bi Kächele ana muda.

"Ninao," alisema Heidrun, akakaa.

Moja hadi kumi, alionaje huduma? Kumi. Gari lilikuwa safi? Lilikuwa chafu, lakini mwenyewe ndiye aliyelichafua. Msichana akacheka, akauliza la tatu na la nne, na Heidrun akajibu kwa urefu zaidi kuliko ilivyohitajika. Alieleza kuhusu chafya za injini, kuhusu kona za kupanda milimani, kuhusu tairi.

"Na la mwisho, Bi Kächele. Ungempendekezea rafiki yako gari hili?"

Kisu kilikuwa bado mkononi. Heidrun aliangalia dirishani, ambako bluu ya gari ilionekana nyuma ya ua.

"Ndiyo," alisema.

"Vizuri sana! Basi nikutakie siku—"

"Subiri kidogo," alisema Heidrun. "Wewe unaendesha gari gani?"

Upande wa pili zilisikika sauti nyingine za simu zikilia nyuma yake.

"Mimi? Mimi naendesha baiskeli," alisema msichana.

"Baiskeli gani?"

Msichana akaanza kumweleza, kwa kusitasita kwanza, na Heidrun akaweka kisu mezani, akavuta kiti karibu na dirisha, akamsikiliza.